Kanuni za Tumbaku Chuoni: Mwongozo Kamili wa Kuzifanya Zishike

Kila muhula hunijia swali lile lile, kutoka kwa wasimamizi wa hosteli, viongozi wa wanafunzi na maafisa wa ofisi ya mkuu wa wanafunzi: "Tulibandika bango la Usivute Sigara, tukatoa waraka, tukatishia adhabu. Mbona bado wanavuta?"

Nikiuliza walifanya nini kabla ya bango, hakuna walichofanya. Bango ni kazi ya hatua ya saba. Ukianza nalo, umewaambia watu wasivute bila kumwambia askari aseme nini, bila kumpa mraibu pa kushika, na bila kujua ni wapi hasa moshi unatoka.

Mwongozo huu nimeuandika nikifikiria chuo kikuu cha Kenya chenye hosteli ndani ya uzio. Aliye Tanzania au Uganda ataufuata vilevile, ila sheria ya nchi yake aisome upya katika hatua ya pili.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Ramani ya chuo iliyochapishwa kwenye karatasi kubwa, yenye majengo yote, ngazi, malango na vibanda vya chakula.
- Glavu za mpira, koleo, na ndoo yenye kifuniko.
- Daftari moja. Si simu, daftari, kwa sababu litapita mikononi mwa watu kadhaa.
- Nakala ya Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 na nakala ya kanuni za nidhamu za chuo chenu.
- Watu watano: muuguzi wa zahanati ya chuo, mkuu wa askari, msimamizi wa hosteli, mwakilishi wa chama cha wanafunzi, na mwanafunzi mmoja anayevuta. Huyo wa tano msimwache nje. Anajua pembe ambazo ninyi hamzijui.
- Fungu dogo la fedha la kununulia chingamu za nikotini, zile za kumsaidia mvutaji kuacha.
- Barua iliyotiwa sahihi na Naibu Chansela, inayosema kanuni itawahusu wahadhiri na wafanyakazi sawa na wanafunzi.

Barua hiyo ikikosekana, simama hapo hapo. Kanuni inayomshika mwanafunzi ikamwacha profesa huvunjika wiki ya kwanza, na ikishavunjika ni vigumu kuiunga.

Tenga muhula mzima, wiki 14 hivi, na hatua za maandalizi zianze kabla muhula huo haujafunguliwa.

## Hatua ya 1: Hesabu vipisi kabla hujasema neno

Kwa siku saba mfululizo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla wafagiaji hawajapita, zungukeni chuo na ndoo. Chagueni sehemu nane hadi kumi: nyuma ya kila hosteli, ngazi za dharura, nyuma ya maabara, maegesho ya wahadhiri, kando ya bwalo, lango la nyuma. Okoteni kila kipisi, mkihesabu, mwandike daftarini: tarehe, mahali, idadi.

Andikeni pia vitu vingine mtakavyovikuta: karatasi za ugoro, pakiti za kuberi (tumbaku ya kuweka mdomoni), vifuko vyeupe vya nikotini vilivyofyonzwa vikatemwa, na vepu (sigara za kielektroniki) za plastiki zilizokwisha. Chuo kinachohesabu sigara peke yake hujikuta kimeandika kanuni ya miaka ishirini iliyopita.

Sababu ya kuhesabu ni mbili. Kwanza, utajua mahali pa kuweka nguvu. Mara nyingi sehemu tatu tu ndizo zenye vipisi vingi kuliko nyingine zote pamoja. Pili, mwisho wa muhula utakuwa na kitu cha kulinganisha. Bila hesabu ya mwanzo, kila mtu atasema anachotaka: askari atasema wamepungua, mfagiaji atasema wameongezeka.

Kipisi kinasema mengi ukikitazama vizuri. Kilichozimwa katikati, mwenyewe alishtuliwa au aliwahi darasa. Kilichovutwa hadi kichungi kikageuka rangi ya chai ya rangi ni cha mtu mwenye arosto kali, yaani mwili unaomdai nikotini, na pengine mwenye pesa ya sigara moja tu kwa siku. Nyuma ya hosteli moja tuliwahi kukuta mkebe wa rangi ya nyumba uliotiwa mchanga, na vipisi vimechomekwa humo kwa safu kama mishumaa. Mvutaji yule alijali usafi wa mahali pale. Mtu wa namna hiyo ndiye wa kwanza kuzungumza naye, kwa sababu tayari ana moyo wa kushirikiana.

Tahadhari: Msipige picha za watu, wala msiandike majina. Mkionekana wapelelezi, hatua zote zilizobaki zitakuwa vita. Na msiokote kwa mikono mitupu: kipisi kina nikotini, na kichungi chake ni plastiki, si pamba kama wengi wanavyodhani. Kikiachwa mvuani hakiozi kama jani, kinabaki miaka.

Utajua umefaulu ramani ikiwa na alama za wazi za sehemu mbaya, na daftari likiwa na jumla ya wiki nzima.

## Hatua ya 2: Soma sheria, ujue inakubeba mpaka wapi

Sheria ya Kenya ya 2007 inakataza kuvuta katika maeneo ya umma, na taasisi za elimu zimo. Anayekutwa na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 50,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au vyote viwili. Sheria hiyo hiyo inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18, na inakataza kuuza sigara moja moja: pakiti lazima iwe na sigara zisizopungua 10. Kumbuka kwamba mwaka wa kwanza wapo vijana ambao hawajatimiza miaka 18, na kwamba sigara ya moja moja ndiyo mlango wao wa kuingilia.

Tanzania ina sheria yake ya bidhaa za tumbaku ya 2003. Uganda ina ya 2015, kali zaidi: inakataza kuvuta ndani ya mita 50 kutoka eneo la umma, inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 21, na imepiga marufuku shisha na sigara za kielektroniki.

Kuhusu shisha nchini Kenya, kaa macho. Wizara ya Afya iliipiga marufuku Desemba 2017, lakini Januari 2024 mahakama ya Shanzu, Mombasa, iliwaachilia watu walioshtakiwa kwa shisha, ikisema kanuni zile hazikupitia bungeni inavyotakiwa. Mwanafunzi wa sheria atakuletea kesi hiyo mezani, na atakuwa na hoja. Kwa hiyo usiandike kwamba "shisha ni marufuku kwa mujibu wa serikali" halafu ukaishia hapo. Andika kwamba chuo chenyewe kinaikataza ndani ya uzio wake. Kanuni ya chuo isimame kwa miguu yake.

Utajua umefaulu ukiweza kumweleza mwanafunzi kwa sentensi mbili ni lipi linalokatazwa na sheria ya nchi, na ni lipi linalokatazwa na chuo.

## Hatua ya 3: Amua mpaka, na usiupindishe

Hapa ndipo kamati nyingi hukwama. Wengine wanataka chuo kizima kisiwe na moshi, wengine wanataka kitengwe chumba au kibanda cha wavutaji.

Mimi ni wa chuo kizima, na sikuwa hivyo tangu mwanzo. Niliwahi kuunga mkono kibanda. Kilijengwa nyuma ya bwalo, kikaezekwa mabati, kikawekewa mabenchi. Kufikia katikati ya muhula kilikuwa baraza. Wasiovuta walikwenda kukaa huko kwa sababu ndiko kulikokuwa na kivuli na stori, na baadhi yao walitoka humo wakiwa wavutaji. Tuliwajengea wenyewe shule ya kujifunza kuvuta. Kosa lile bado linaniuma.

Na kitaalamu pia kibanda hakisaidii. Mkataba wa kimataifa wa Shirika la Afya Duniani kuhusu tumbaku, ambao Kenya iliuridhia 2004, una miongozo juu ya kifungu chake cha 8. Miongozo hiyo inasema wazi kwamba feni, vichujio vya hewa na vyumba vilivyotengwa havimlindi mtu dhidi ya moshi wa mwenzake. Hakuna kiwango cha moshi huo kilicho salama.

Mpaka rahisi kuuelewa ni uzio. Ndani ya uzio hakuna kuvuta, kwisha. Ukianza kusema "mita kumi kutoka dirishani", kila usiku kutakuwa na ubishi wa kupima.

Tahadhari: Fikiria kinachotokea upande wa pili wa lango. Wavutaji wakihamia pale, moshi wote unamwangukia mama anayeuza viazi na chapati, pengine na mtoto mgongoni. Nendeni mkaongee naye kabla ya siku ya kuanza, na mkubaliane na askari wa lango kwamba pale mlangoni watu hawasimami kuvuta. Usiku pia ni suala. Hutaki mwanafunzi atoke nje saa sita usiku kwa sababu ya sigara moja. Jibu la hilo liko hatua ya 5, na ndiyo sababu hatua ya 5 inatangulia siku ya kuanza.

## Hatua ya 4: Andika kanuni ya ukurasa mmoja

Kanuni ya kurasa kumi na mbili haisomwi. Chukua hii, ibadilishe mnavyotaka:

> 1. Hairuhusiwi kuvuta sigara, kiko, shisha wala vepu mahali popote ndani ya uzio wa chuo, ndani ya jengo au nje, mchana au usiku, wala ndani ya gari lililo ndani ya uzio.
>
> 2. Ugoro, kuberi, tumbaku ya kutafuna na vifuko vya nikotini havitumiki darasani, maktabani, maabarani, zahanati wala bwaloni. Kutema mate ya tumbaku chini ni kosa popote pale.
>
> 3. Kanuni hii inamhusu kila mtu: mwanafunzi, mhadhiri, mfanyakazi, fundi wa mkataba, mgeni na mwendesha bodaboda.
>
> 4. Hairuhusiwi kuuza, kutangaza wala kugawa bidhaa za tumbaku au nikotini chuoni. Chuo na vyama vyake havipokei fedha, zawadi wala udhamini kutoka kampuni zinazozitengeneza.
>
> 5. Chingamu na plasta za nikotini zinazotumiwa kama tiba zinaruhusiwa mahali popote.
>
> 6. Anayetaka kuacha atasaidiwa na zahanati kwa siri. Jina lake halitapelekwa ofisi ya nidhamu.
>
> 7. Anayekiuka ataombwa azime. Akirudia ataandikiwa onyo. Akiendelea ataitwa mbele ya kamati ya nidhamu, kwa barua, na atasikilizwa kabla ya uamuzi.

Kifungu cha 2 kina sababu yake. Moshi na mvuke vinaingia kwenye mapafu ya mwingine. Ugoro na kifuko cha nikotini humdhuru zaidi anayetumia. Vyote huleta uraibu, lakini si haki kumburuta kwenye kamati kijana mwenye kifuko chini ya mdomo sawa na yule aliyejaza moshi chumba cha watu wanne. Mkataze pale ambapo kunasomwa, kunaliwa na kunatibiwa, kisha mpe msaada.

Kifungu cha 4 kitapingwa na mtu mmoja atakayesema kampuni fulani inataka kudhamini mashindano ya ujasiriamali. Kishikilie.

Faini ya papo hapo usiiweke kabisa. Tajiri atalipa na kuendelea kuvuta, maskini atakosa nauli ya kurudi nyumbani, na askari atakuwa amepewa biashara. Leo anatoza 500 na kuandika risiti, kesho anapokea 100 na kufumba macho. Askari asiguse pesa.

Utajua umefaulu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akisoma ukurasa huo kwa dakika mbili na kukwambia kwa maneno yake unasema nini.

## Hatua ya 5: Fungua msaada wa kuacha, wiki nne kabla ya kuanza

Vyuo vingi huruka hatua hii. Wasipoiruka, kazi yote iliyobaki hupungua nusu.

Elewa kwanza unachokabiliana nacho. Nikotini haikai mwilini muda mrefu. Baada ya saa mbili hivi nusu yake imekwisha kutoka damuni. Hapo ndipo arosto inapopiga: mtu anakuwa na hasira, mikono haitulii, anasoma aya moja mara tano bila kuielewa. Mhadhara wa saa tatu unamkuta hapo katikati. Huyu hakudharau kanuni yako. Mwili wake unamdai.

Zahanati iwe na mambo haya:

Saa maalumu, mara mbili kwa wiki, jioni baada ya vipindi. Asubuhi hatakuja mtu.

Maswali mawili tu ya kuanzia. Unavuta ngapi kwa siku? Ukiamka, ya kwanza unaivuta baada ya muda gani? Anayevuta ndani ya nusu saa baada ya kuamka ana uraibu mzito, na kwa kawaida huanzishiwa chingamu ya miligramu 4. Aliye nje ya hapo hutosheka na ya miligramu 2.

Mafunzo ya kutafuna. Chingamu ya nikotini haitafunwi kama chingamu ya dukani. Anaitafuna polepole mpaka ahisi mwasho kama wa pilipili, kisha anaibana kati ya shavu na ufizi bila kuitafuna. Mwasho ukipoa, anatafuna tena kidogo, anabana tena. Inakaa kinywani nusu saa hivi. Asinywe kahawa, soda wala juisi dakika 15 kabla, maana asidi huzuia nikotini kupenya. Wengi husema "chingamu hazifanyi kazi" kwa sababu waliitafuna kwa haraka wakameza mate yote, wakaishia na kiungulia na kwikwi.

Maelezo ya siku tatu. Arosto huwa mbaya zaidi siku mbili tatu za mwanzo, kisha hupungua, na baada ya wiki mbili hadi nne huwa imelegea. Hamu yenyewe ikija hudumu dakika chache. Mfundishe cha kufanya katika dakika hizo: maji baridi, kutembea hadi ghorofa ya chini na kurudi, kumpigia rafiki.

Namba ya simu 1192. Ni ya bure, ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, kwa ushauri juu ya uraibu. Iandike kwenye kila tangazo.

Tahadhari: Mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo, au anayetumia dawa nyingine amwone daktari kabla ya kupewa chochote. Na zahanati isitoe orodha ya majina kwa yeyote, hata Naibu Chansela akiuliza. Siku jina moja litakapovuja, hakuna atakayerudi.

Utajua umefaulu kabla ya siku ya kuanza ukiona watu wamekwisha kuja wenyewe. Hata saba wanatosha. Saba hao watawaambia wenzao.

## Hatua ya 6: Wafundishe askari maneno

Askari wengi hukwepa mvutaji kwa sababu hawajui waseme nini. Wengine hufoka, ugomvi ukazuka. Wape maneno, wayafanyie mazoezi wawili wawili, kwa sauti, saa nzima.

Kwa mwanafunzi:

"Habari yako, kijana wangu. Hapa chuoni sasa hatuvuti, ndani wala nje. Naomba uzime hiyo. Ukitaka msaada, zahanati wanatoa chingamu bure, Jumanne na Alhamisi jioni."

Kisha asimame, asiseme zaidi. Wengi watajibu, "Sawa, mzee, samahani," wazime. Akizima, asimwandike jina.

Kwa mhadhiri, ambaye ndiye mtihani wenyewe:

"Daktari, habari za mchana. Samahani kukusumbua. Kanuni mpya inatuhusu sote, hata sisi askari, tumeambiwa tumkumbushe kila mtu. Naomba uizime."

Nilimwona askari mmoja mzee akijaribu maneno haya kwa mara ya kwanza. Mhadhiri alikuwa kwenye roshani ya idara, kikombe cha chai mkono mmoja, sigara mkono wa pili. Mzee alipanda ngazi, akavua kofia, akayasema yote kama alivyofundishwa, sauti ikitetemeka kidogo. Mhadhiri alimtazama, akaizima sigara kwenye kisahani cha kikombe, akasema, "Asante, mzee wangu." Wanafunzi watatu walikuwa chini wakitazama. Jioni habari ilikuwa imefika hosteli zote, na baada ya siku ile hatukuhitaji kueleza tena kama kanuni inawahusu wakubwa.

Mtu akikataa, askari asishindane naye wala asimshike. Aandike mahali, saa, na jina kama analijua, apeleke ofisini. Na askari wanaovuta nao wapelekwe zahanati mapema, kabla ya wengine. Asiyeweza kumaliza zamu bila sigara hawezi kumwambia mwingine azime.

Utajua umefaulu kila askari akiweza kuyasema maneno hayo bila karatasi.

## Hatua ya 7: Mabango, na kuondoa visahani vya majivu

Sasa bandika. Kiswahili na Kiingereza, herufi kubwa, maneno machache: "Chuo hiki hakina moshi. Sigara, shisha na vepu haziruhusiwi ndani ya uzio. Ukitaka kuacha: zahanati, au piga 1192."

Anza malangoni, kisha zile sehemu mbaya za ramani yako, kisha milango ya hosteli na vyoo. Siku hiyo hiyo ondoeni kila kisahani cha majivu na kila pipa lenye sehemu ya kuzimia sigara. Kisahani kikibaki chini ya bango, watu watafuata kisahani.

## Hatua ya 8: Chagua siku ya kuanza

Wiki ya pili ya muhula. Wiki ya kwanza watu wanahangaika na ada na vyumba. Wiki za mitihani ndizo mbaya kabisa, kwa sababu wavutaji huvuta zaidi wakiwa na wasiwasi na hakuna atakayekusikiliza.

Siku ile kamati yote itembee chuoni, si ofisini.

## Hatua ya 9: Kushughulikia anayerudia

Onyo la kwanza la maandishi liambatane na mwaliko wa zahanati, wa hiari. Ukimlazimisha mtu ushauri nasaha, atakuja na kukaa kimya.

Anayefika mbele ya kamati apewe barua inayotaja kosa, tarehe na mahali, na siku za kutosha kujiandaa. Ibara ya 47 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu katika maamuzi ya kiutawala, na pale haki au uhuru wake unapoathirika, kupewa sababu kwa maandishi. Chuo kinachomsimamisha mwanafunzi bila kumsikiliza kinampa kesi mkononi.

Adhabu ilingane na kosa. Kuvuta nje nyuma ya hosteli mara tatu si sawa na kuvuta chumbani. Chumbani kuna magodoro, mapazia na waya za kuchemshia maji, na kuna mtu kitanda cha pili ambaye hana pa kwenda usiku. Kosa la chumbani lianze moja kwa moja na onyo la maandishi, na likirudiwa, mvutaji ahamishwe chumba. Ahamishwe yeye, si anayelalamika.

## Hatua ya 10: Hesabu tena

Wiki ya 4, ya 8 na ya 12, rudieni hatua ya kwanza: sehemu zile zile, saa ile ile, siku saba. Bandikeni hesabu kwenye ubao wa matangazo, nzuri au mbaya.

Wiki ya 4 idadi huweza kushuka sana, kisha ikapanda kidogo wiki ya 8. Msife moyo; ule ni wakati wa kurudia mazoezi ya askari. Mkiona sehemu mpya yenye vipisi ambayo haikuwa kwenye ramani, wavutaji wamehama, hawajaacha. Nendeni pale jioni na muuguzi, si na askari.

## Pale mambo yanapokwama

"Vepu si moshi, ni mvuke tu." Mvuke huo hubeba nikotini na chembe ndogo ambazo mwenzako anazivuta. Harufu ya embe haibadilishi hilo. Kifungu cha 1 kinaitaja vepu kwa jina. Msomee, usibishane zaidi.

"Shisha ina maji, inasafishwa." Maji huupoza moshi, hayauondolei sumu. Kaa linalowekwa juu hutoa kaboni monoksaidi, na mtu hukaa na bomba saa nzima. Isitoshe, bomba linapita kinywa hadi kinywa, na kifua kikuu kipo.

Kibanda cha nje kinauza sigara moja moja. Sheria ya 2007 inakataza. Anza kwa kuongea na mwenye kibanda kwa heshima, mwonyeshe kifungu. Akiendelea, afisa wa afya ya umma wa kaunti ndiye wa kumwita, si askari wa chuo.

"Mwenzangu wa chumba anavuta na ninaogopa kumshtaki." Hili ndilo hunifikia mara nyingi kuliko yote, na mara nyingi mwandishi wake ana pumu. Wekeni njia ya kulalamika isiyomtaja: msimamizi wa hosteli apite vyumba vyote vya ghorofa ile kwa ukaguzi wa kawaida wa usalama wa moto, aanzie chumba cha mbali, na chumba chenyewe akifikie cha nne au cha tano. Mlalamikaji apewe nafasi ya kulala chumba kingine usiku ule ule, bila fomu, bila kusubiri kikao. Pumu haisubiri kikao.

Wageni wapya kila Septemba. Kanuni iingie kwenye barua ya kuwaita chuoni na isomwe siku ya kuwakaribisha, na mmoja wa waliofaulu kuacha asimame aongee dakika tano. Asubuhi ya Jumatatu inayofuata, saa kumi na mbili na nusu, chukueni ndoo na koleo, mwanzie nyuma ya hosteli ya mwaka wa kwanza.